Sanamu Ing'olewe au Iachwe? Somo kwa Vikundi na Jumuiya



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo vikundi vyetu havilijadili mpaka siku kelele zinapoanza. Ni habari ya sanamu, minara na mawe ya ukumbusho yanayosimamishwa mahali pa wazi, na ugomvi unaozuka wakati wengine wanataka yaondolewe na wengine wanakataa. Kuna watakaosema, "Jiwe ni jiwe tu, sisi shida yetu ni maji na karo." Ni kweli, shida ni nyingi. Lakini tutaona kwamba watu wanaogombania jiwe mara nyingi wanagombania jambo lingine lililofichwa chini yake. Jambo hilo lisipofukuliwa, jiwe litaondoka na ugomvi utabaki pale pale.

Hatuleti somo hili ili kuwaambia mng'oe au muache. Tunataka kila mmoja ajue kuuliza maswali yanayofaa, na kila kikundi kiweze kuendesha mkutano wa namna hii bila watu kurushiana viti.

Muda: Saa mbili, au vikao viwili vya saa moja moja.

Vifaa: Karatasi kubwa, kalamu za wino mzito, na mtu mmoja wa kuandika kumbukumbu.

1. TUANZE NYUMBANI

Kabla hatujaenda mbali, tutazame yaliyo karibu. Mara ngapi tumeona mradi wa maji ambao akina mama walichimba mtaro kwa miezi, wakabeba mawe na mchanga kwa mgongo, halafu siku ya sherehe likawekwa jiwe lenye jina la mheshimiwa mmoja tu aliyefika saa saba na kuondoka saa nane? Kila asubuhi akina mama wanateka maji mbele ya jina hilo. Hakuna anayelalamika kwa sauti. Lakini kaa nao wakingojea zamu ya bomba, utasikia. Na siku tangi linapopasuka na watu wanaitwa waje kulitengeneza, jibu ni moja: "Muulizeni mwenye jina."

Hapo tunajifunza jambo la kwanza. Jiwe husema. Linasema nani anahesabiwa na nani hahesabiwi. Watu wakiona hawahesabiwi, hawawezi kukiona kile kitu kuwa mali yao.

Wakoloni walilijua jambo hili vizuri. Pale Nairobi palikuwa na sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa masetla, kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipofika mwaka 1963 sanamu hiyo iliondolewa ikapelekwa kwenye shamba la jamaa yake, Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Barabara ikawa Kenyatta Avenue. Je, Wakenya walimsahau Delamere kwa sababu sanamu yake iliondoka? La. Watoto wanasoma habari zake shuleni mpaka leo. Kwa hiyo tukisikia mtu anasema kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia, tumwulize kwa upole: historia inakaa wapi hasa?

2. KISA CHA KWANZA: CAPE TOWN, AFRIKA KUSINI

Chuo Kikuu cha Cape Town kimejengwa chini ya mlima, kwenye ardhi iliyokuwa ya Cecil Rhodes, Mwingereza aliyetajirika kwa almasi na kuwa waziri mkuu wa Koloni la Cape tangu mwaka 1890 hadi 1896. Rhodes alikufa mwaka 1902. Mwaka 1934 sanamu yake ya shaba iliwekwa pale chuoni. Alionyeshwa ameketi, akiangalia mbali kama mtu anayepima shamba lake.

Alifanya nini mtu huyu? Mwaka 1892 serikali yake ilipandisha kiwango cha mali ambacho mtu alipaswa kuwa nacho ndipo apige kura, kutoka pauni 25 hadi pauni 75. Waafrika wengi wakafungiwa mlango. Mwaka 1894 ikaja Sheria ya Glen Grey, iliyowagawia Waafrika vipande vidogo vya ardhi na kuwatoza kodi ya shilingi 10 wanaume ambao hawakutoka kwenda kufanya kazi ya kuajiriwa. Nia ilikuwa kuwasukuma kwenye migodi na mashamba ya Wazungu. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo zaidi. Wazee wetu waliijua kodi ya kibanda, na walikijua kipande kilichoning'inia shingoni.

Sanamu ilikaa miaka 81. Ubaguzi wa rangi uliisha kisheria, Mandela akawa rais mwaka 1994, na vijana weusi wakaingia chuoni kwa wingi kuliko zamani. Lakini walimu wao wakuu wengi walikuwa bado Wazungu, karo iliwashinda, na kila siku walipita chini ya Rhodes wakienda darasani. Tarehe 9 Machi 2015 mwanafunzi mmoja, Chumani Maxwele, aliimwagia sanamu hiyo kinyesi cha binadamu. Kitendo hicho kiliwachukiza wengi. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kusema hajasikia.

Sasa, tuangalie kilichotokea kati ya tarehe hiyo na tarehe 9 Aprili, maana mwezi huo mmoja ndio shule yetu. Wanafunzi waliingia katika jengo la utawala wakakaa humo na kufanya mafunzo yao wenyewe. Chuo kiliitisha mkutano mkubwa, na kikaweka mbao karibu na sanamu ili kila anayepita aandike maoni yake. Palikuwa na waliosema iondoke mara moja. Palikuwa na waliosema ibaki lakini iwekewe maelezo. Wengine walisema Rhodes alitoa ardhi, basi tuwe na shukrani; wakajibiwa, "Aliipata kwa nani?" Na wengine walisema sanamu si kitu, njaa na karo ndiyo mambo.

Seneti ya walimu ilikubali kwa kura nyingi sana kwamba sanamu iondolewe. Tarehe 8 Aprili Baraza la chuo likapitisha uamuzi. Mwenyekiti wa Baraza wakati huo alikuwa Njongonkulu Ndungane, askofu mkuu mstaafu wa Kianglikana wa Cape Town, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa kisiwa cha Robben katika miaka ya 1960. Kwa kuwa sheria ya nchi ile inalinda minara ya umma, ilibidi chombo cha turathi cha jimbo kitoe ruhusa kwanza. Kesho yake winchi ikaja, umati ukakusanyika, na Rhodes akainuliwa akapakiwa kwenye lori.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Baadaye mtu alipaka rangi kwenye ngazi, akachora kivuli cha sanamu kana kwamba bado iko. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wanafunzi nchi nzima waliandamana kwa sababu ya karo, mpaka rais akatangaza kwamba karo ya mwaka uliofuata haitapanda. Mwezi Februari 2016, pale pale chuoni, wanafunzi waliokuwa wakigombea mahali pa kulala walichoma picha za kuchorwa zilizokuwa zimetundikwa ukutani. Tukumbuke kivuli kile. Shaba ilibebwa na lori kwa siku moja, lakini vyumba vya kulala, karo na walimu havikubebeka hivyo.

3. KISA CHA PILI: KISUMU, MWAKA ULE ULE

Mwezi Septemba 2015, miezi mitano tu baada ya Cape Town, kulitokea jambo hapa kwetu. Jamii ya Masingasinga wa Kisumu walisimamisha sanamu mjini kuadhimisha miaka 100 ya kukaa kwao pale. Baadhi ya wakazi, na miongoni mwao wahubiri wa Kikristo, walisema hiyo ni sanamu ya kuabudiwa na kwamba italeta laana mjini. Maandamano yakafanyika. Sanamu ikaondolewa.

Kwa haraka, mtu anaweza kusema visa hivi viwili ni kimoja. Watu walikasirika, wakaandamana, sanamu ikaenda. Sivyo. Hebu tuwatazame wenye sanamu ni akina nani.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba mwaka 1901. Ilijengwa na maelfu ya vibarua waliotolewa Bara Hindi, na wengi wao walizikwa njiani. Katika waliokuja wakati ule na baadaye walikuwamo Masingasinga, mafundi wa chuma, wa mbao na wa mawe. Aliyewahi kusafiri barabara ya Mombasa analijua hekalu lao pale Makindu, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila kulipa na bila kuulizwa dini yake. Naye Makhan Singh, aliyezaliwa katika jamii hiyo, alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1950, wakati wengi waliogopa hata kulitamka neno lenyewe, alisimama mbele ya mkutano Nairobi akadai uhuru kamili. Serikali ya kikoloni ikamzuilia tangu mwaka huo hadi 1961.

Basi watu wa Cape Town walikuwa wakiondoa sanamu ya mtawala. Watu wa Kisumu walikuwa wakiondoa ukumbusho wa majirani wao, tena majirani wachache.

Sisi Wakatoliki tungepaswa kulisikia jambo hili mapema kuliko wengine. Makanisani mwetu mna sanamu ya Mama Maria na ya watakatifu, na mara nyingi tumeitwa waabudu sanamu na watu ambao hawakutuuliza tunaamini nini. Tunajua inavyochoma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hii haina maana kwamba waliopinga pale Kisumu hawakuwa na haki ya kusema. Walikuwa nayo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kifungu cha 37 kinampa haki ya kuandamana kwa amani na kupeleka ombi kwa wenye mamlaka. Lakini kifungu cha 32 ni cha Msingasinga vile vile. Dhamiri yangu inaniruhusu nisiiheshimu sanamu yako. Hainipi mimi kazi ya kukuondolea wewe ukumbusho wako.

4. MASWALI MATATU YA KUULIZA JIWE

Sasa tulinganishe. Kiongozi wa kikao aandike maswali haya matatu kwenye karatasi kubwa, na kila moja lijibiwe kwa kila kisa.

Swali la kwanza: Nani aliisimamisha, na nani aliulizwa?

Mwaka 1934 Waafrika wa Cape Town hawakuulizwa kama wangependa kupita chini ya Rhodes. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na mengine yote yalifuata. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza kabla saruji haijamwagwa.

Tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1989 chama tawala cha wakati huo, KANU, kilipanga kujenga jengo la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi nyingi akiuliza: bustani hii ni ya nani, na wananchi waliulizwa lini? Alitukanwa hata Bungeni. Lakini swali lilikuwa limekwisha ulizwa, waliotarajiwa kutoa pesa wakasita, na jengo halikujengwa. Leo watu bado wanakaa kwenye nyasi zile. Tukumbuke kwamba hapo hapakuwa na kitu cha kubomoa, na hiyo ndiyo faida ya kuuliza mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la pili: Inamwambia nini mtu anayepita chini yake leo?

Wengi hukosea hapa. Huuliza kama mtu yule alikuwa mwema au mbaya, halafu wanaanza kuhesabu mema yake na mabaya yake kama wanaopima mahindi sokoni. Rhodes alitoa pesa za masomo. Ni kweli. Lakini swali letu ni la mpita njia. Msichana ambaye babu wa babu yake alinyang'anywa ardhi anapita pale akienda kufanya mtihani. Anaambiwa nini?

Kuna wanaosema, "Hayo ni ya zamani, si mmesoma, si mmepata kazi, mbona bado mnalia?" Wahenga wetu walishajibu: mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa upande wa Kisumu, swali hili linatoa jibu tofauti. Ukumbusho ule ulisema nini kwa Mjaluo, au Mluhya, au Mkisii anayepita? Ulisema, "Sisi nasi tumekaa hapa miaka 100." Mtu anaweza kuuona mgeni machoni pake, anaweza hata kuuogopa kwa sababu hakuelezwa. Lakini kuogopa kitu usichokijua ni tofauti na kuumizwa na kitu unachokijua. Woga unaweza kutibiwa kwa maelezo. Jeraha linahitaji haki.

Swali la tatu: Ikiondoka, nani ataongezeka na nani atapungua?

Swali hili ni gumu, na mara nyingi ndilo linaloamua. Rhodes alipoondoka, waliokuwa wamesukumwa pembeni kwa muda mrefu walisogea hatua moja mbele, na hakuna aliyepoteza haki yake ya kukaa Cape Town. Sanamu ya Masingasinga ilipoondoka, waliopungua ni wale ambao tayari walikuwa wachache. Ujumbe waliobaki nao ni kwamba miaka 100 haijatosha.

Kwa hiyo wingi wa watu hauwezi kuwa mizani peke yake. Kelele za wengi zinaweza kuwa kilio cha waliodhulumiwa, na zinaweza kuwa kishindo cha wenye nguvu. Nje zinafanana. Kikundi kitazitofautisha kwa kuuliza swali la tatu.

5. NJIA SI MBILI TU

Mikutano mingi huvunjika kwa sababu watu wanafikiri kuna njia mbili pekee, kung'oa au kuacha. Zipo nyingi, na kila moja ina gharama yake.

(a) Kuiacha na kuongeza maelezo. Kule Oxford, Uingereza, Chuo cha Oriel kina sanamu ya Rhodes huyu huyu. Tume iliundwa kuchunguza, na wajumbe wake wengi waliunga mkono iondolewe. Lakini mwezi Mei 2021 chuo kiliamua kuiacha, kikitaja gharama na urefu wa taratibu za kisheria, na baadaye mwaka huo kikaweka kibao cha maelezo. Hatari ya njia hii iko wazi. Kibao kinaweza kusema ukweli wote, na kinaweza kuwa plasta juu ya donda. Tena ukishawauliza watu halafu usifuate walichosema bila kuwaeleza vizuri, afadhali usingewauliza.

(b) Kuihamishia makumbusho. Pale Bristol, Uingereza, palikuwa na sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara aliyekuwa katika kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha na kuitupa majini bandarini. Jiji liliiopoa, kisha likawauliza wakazi. Karibu watu 14,000 walitoa maoni, na wanne katika kila watano wa wakazi wa mji waliojibu walitaka iwekwe makumbusho. Imewekwa humo ikiwa imelala, na rangi za waandamanaji bado ziko mwilini mwake. Mtoto akiingia anaona mambo mawili: mtu aliyeheshimiwa, na watu waliokataa kumheshimu.

(c) Kusimamisha nyingine. Mwaka 2007, miaka 50 baada ya Dedan Kimathi kunyongwa, sanamu yake ilizinduliwa Nairobi kwenye barabara yenye jina lake. Hakuna kilichong'olewa. Lakini wazee na akina mama waliokuwa msituni, ambao chama chao kilibaki kimepigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 2003, walimwona mtu wao amesimama katikati ya jiji. Hata kwenye tangi letu la maji njia hii ni rahisi: kibao cha pili chenye majina ya waliochimba mtaro.

(d) Kuiondoa na kupaacha wazi, au kupanda miti. Njia hii inafaa pale jamii haijakubaliana juu ya mtu wa kumweka. Mti hauna kabila.

(e) Kuivunja usiku. Tunaitaja kwa sababu hutokea. Katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, palikuwa na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906. Mwaka 2015 ilikutwa imevunjwa. Pengine wengi hawakumlilia Victoria. Lakini mtu anayevunja gizani hajamweleza jirani yake sababu, na asubuhi jirani anaona vipande tu. Mbali na hilo, minara mingine inalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na kijana anaweza kujikuta kortini peke yake huku waliomtuma wamelala kwao.

6. JINSI YA KUENDESHA KIKAO

Tuseme mjini kwenu au kijijini kwenu kuna jiwe, sanamu au jina linaloleta maneno. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, tafuteni habari kabla ya kutafuta watu. Jiwe liliwekwa mwaka gani? Nani alilipa? Ardhi ni ya nani? Je, limeorodheshwa na Makavazi ya Kitaifa? Ofisi ya kaunti inapaswa kujibu, maana kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari. Wawili au watatu waende, wasiende umati.

Pili, waiteni wanaohusika wote, na hasa wale wachache. Mkutano ambao wenye sanamu hawakualikwa si mkutano, ni hukumu. Kama wanaogopa kuja barazani, waendeeni kwao.

Tatu, siku ya mkutano msianze na kura. Anzeni na masikio. Kila mmoja amalize sentensi hii: "Nikipita pale, mimi huwa na..." Hakuna kujibizana, hakuna kupiga makofi. Wazee wasiwatangulie vijana kila mara, na akina mama wasiachiwe dakika tano za mwisho. Mwandishi aandike maneno kama yalivyosemwa.

Nne, ulizeni maswali matatu tuliyoyaona, kisha orodhesheni njia zote zilizopo pamoja na gharama zake. Winchi ni pesa. Lori ni pesa. Mahali pa kuhifadhi ni pesa. Nani atalipa?

Tano, wekeni tarehe ya uamuzi. Hili ni muhimu sana. Kuna viongozi wanaopenda majadiliano kwa sababu majadiliano hayaishi. Kamati inazaa kamati ndogo, na jiwe linaendelea kukaa. Cape Town walimaliza kwa mwezi mmoja. Nyinyi semeni miezi mitatu, lakini isemwe na iandikwe.

Sita, pelekeni ombi kwa njia rasmi kwenye bunge la kaunti, mkiambatisha kumbukumbu za kikao na maoni ya waliopinga pia. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishaji wa wananchi kuwa ni moja ya misingi ya utawala. Wengi tunalalamika kwamba hatushirikishwi, lakini karatasi zetu haziko mezani.

Saba, amueni mapema ni jambo gani lingine litafuata. Kama uchungu wa watu ulikuwa ardhi, au karo, au kazi, andikeni hatua ya kwanza ya jambo hilo kwenye karatasi ile ile. Kikundi kinachosherehekea winchi halafu kikaenda nyumbani kimefanya nusu ya kazi.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Karibu nanyi kuna jiwe, sanamu, au jina la shule au barabara ambalo watu hulizungumzia kwa kunong'ona? Linasema nini?

2. Katika kisa cha Kisumu, kama mngekuwa viongozi wa kanisa mjini wakati ule, mngewaambia nini waumini wenu Jumapili kabla ya maandamano? Na mngeenda kuwaona akina nani Jumatatu?

3. Baadhi ya wanafunzi wa Cape Town walisema bila kinyesi kile hakuna ambaye angewasikiliza. Mnakubali? Ni njia gani nyingine ingewafikisha?

4. Kikundi chenu kina watu wa kabila moja au dini moja kuliko nyingine? Katika uamuzi wenu wa mwisho, wale wachache walisema nini? Je, mnakumbuka, au hamkuandika?

5. Chagueni mradi mmoja mlioujenga kwa harambee. Majina ya nani yameandikwa pale, na ya nani hayapo?

Kiongozi wa kikao asiwaruhusu watu kuruka swali la nne. Ndilo wengi hupenda kuliruka.

Vikundi vitakavyokuwa vimelitumia somo hili viandike majibu ya swali la kwanza na la tano na kuyahifadhi pamoja na kumbukumbu zao. Yafaa yasomwe tena siku mheshimiwa yeyote atakapoomba kuja kuwazindulia kitu. Siku hiyo mtakuwa na swali la kumuuliza kabla fundi hajachonga jina: ni nani wengine waandikwe hapa pamoja nawe?

Tunawatakia kikao chema.